Mnaouliza kuhusu nyama ya supamaketi: mimi nilifundishwa kununua nyama hapa Isiolo, wakati wa Shifta

Wakuu, salaam aleikum kwa wenye salaam, na habari zenu kwa wenye habari. Hapa Isiolo tunasalimia yote mawili, ndiyo mtu yeyote asibaki nje.

Wiki iliyopita kuna kijana alileta uzi humu akiuliza: sisi tunaokaa sehemu za joto tutajuaje kama nyama ya supamaketi ni salama? Mkamjibu mengi. Wengi wakamwambia aangalie expiry date tu. Mmoja akamwambia aache nyama ale mboga.

Nilitaka kumjibu kwa mistari mitatu. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta.

Shida ni kwamba kila nikieleza jambo moja kuhusu nyama, namkumbuka mtu mmoja. Siwezi kueleza nyama nikamwacha.

Kwa hivyo nimefungua uzi wangu. Sitaongeza chumvi. Mahali nimesahau nitasema nimesahau, na mahali nilikosea nitasema nilikosea. Hapo pa kukosea ndipo penyewe, ndiyo maana nilikuwa nafuta.

Mimi ni mama wa miaka sabini na kitu, mwalimu mstaafu. Kiswahili changu ni cha Meru na Isiolo, mtanivumilia.

Niliolewa nikiwa na miaka kumi na minane. Nilitoka kule juu Meru, mahali ambapo asubuhi unatoka nje na blanketi mabegani. Kwetu nyama ilikuwa ya Krismasi na harusi. Ikichinjwa inaning'inizwa jikoni juu ya moshi, na siku ya tatu bado ni nyama.

Mume wangu alikuwa karani wa idara ya barabara Isiolo. Nitamwita Baba Kendi, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. Tulikaa nyumba za serikali: chumba kimoja, jiko la nje, paa la bati. Saa saba mchana ukigusa ukuta kwa ndani, unaondoa mkono.

Jumamosi yangu ya kwanza nikaambiwa ninunue nyama.

Nikaenda sokoni saa nane mchana, jua likiwa juu ya kichwa. Nikapata kipande kimebaki kimening'inia peke yake. Nikafungiwa kwa gazeti. Nikafika nyumbani, nikakitia kwenye sufuria, nikafunika na kifuniko nikaweka jiwe juu, ndiyo nzi wasiingie. Nikajiona mke mwenye akili. Nikaenda kuchota maji, foleni ikawa ndefu.

Niliporudi nikafungua kifuniko.

Sitaeleza harufu. Wengine mnasoma mkiwa mnakula.

Nikachukua jembe nikaenda nyuma ya nyumba kuizika, nikilia kimya kimya, kwa sababu Baba Kendi alikuwa karibu kutoka kazini na sikuwa na kitu cha kumpa. Nikasikia sauti kutoka upande wa pili wa ua.

"Abaayo, unazika nani?"

Abaayo ni neno la Kisomali, ni kama dada, lakini ni dada wa kubembeleza. Aliyeniita hivyo alikuwa mama mrefu, amejifunga shuka kubwa, anaegemea nguzo ya ua kana kwamba amekuwa hapo tangu asubuhi. Huyo ndiye Mama Zeinab.

Nikamwambia nazika nyama. Hakucheka, ingawa niliona mdomo unamcheza. Akauliza nilinunua saa ngapi. Nikamwambia. Akauliza nimeiweka wapi. Nikamwambia.

"Nyama ikiwa bado na joto lake ukiifunika, inajipika yenyewe, inajipika vibaya," akasema. "Kesho nakusubiri mlangoni kwangu, mapema, kabla jua halijaota meno."

Jioni ile tulikula ugali na mchuzi wake.

Ngoja niwaambie Mama Zeinab alikuwa nani. Baba yake alikuja Isiolo na jeshi la mkoloni. Vita vya kwanza vya dunia vilipoisha, askari kama yeye wakaambiwa wakae hapa wafuge. Kwa hivyo yeye alizaliwa hapa, na binti yake alizaliwa hapa. Mume wake, Mzee Jama, alikuwa na bucha karibu na msikiti. Binti yao Zeinab alikuwa ameolewa Garbatulla. Nyumba ikabaki na wazee wawili, na nafikiri ndiyo sababu nilipata nafasi.

Asubuhi ile nikamfuata. Mzee Jama alikuwa ametoka kuchinja, nyama bado inatoa mvuke. Mama Zeinab akanishika mkono, akaugeuza, akagusisha mgongo wa mkono wangu kwenye paja la ng'ombe.

"Unasikia nini?"

"Ni moto. Ni kavu."

"Kumbuka kavu. Nyama nzuri haitelezi. Sasa bonyeza."

Nikabonyeza kwa kidole. Nyama ikarudi mahali pake.

"Sasa nusa hapa." Akanipeleka kwenye mfupa, pale kwenye kiungo. "Watu wananusa nje. Nje inaweza kuoshwa. Nyama inaanza kuoza karibu na mfupa."

Kisha akaniambia jambo ambalo nimewaambia wanafunzi wangu miaka yote, hata kwenye somo la hesabu. "Uliza. Ng'ombe ametoka wapi, amechinjwa saa ngapi, ameonwa na afisa wa nyama au hapana. Mwenye bucha akikasirika kwa sababu umeuliza, amekujibu."

Kukawa ni kila asubuhi. Hata siku ambazo sinunui, naenda tu. Tunakaa kwenye benchi la bucha, anakunywa chai yake ya maziwa ya ngamia, mimi nakunywa ya rangi kwa sababu ile ya ngamia sikuiweza mwanzoni. Alinifundisha kukata nyama vipande vyembamba vya kuanika kwenye kamba, juu, mahali pana upepo. Alinifundisha nyirinyiri, ile nyama inayokatwa ndogo ndogo kama mahindi, inakaangwa mpaka maji yote yaishe, inahifadhiwa ndani ya samli. Inakaa miezi. Hakuna friji.

Kendi alipozaliwa, yeye ndiye aliyemwogesha mara ya kwanza. Mama yangu alikuwa milimani na barabara ilikuwa imeanza kuwa mbaya.

Barabara, wakuu. Hapo ndipo mambo ya Shifta yalipoanza.

Kwa vijana ambao hawajui: serikali ya Kenya ilikuwa mpya, na huku kaskazini kulikuwa na watu waliotaka kwenda na Somalia. Bunduki zikaanza. Mimi si mwanahistoria, sitaki ugomvi kwenye comments. Nasema nilichoona mimi nikiwa mke wa karani.

Niliona kafyu. Niliona malori ya jeshi yakipita kuelekea Garbatulla. Nikasikia kwamba watu wa kule wamekusanywa mahali pamoja na mifugo yao, hawaruhusiwi kutoka kuchunga, na wanyama wanakufa mbele ya macho yao. Waborana wana jina la wakati ule, wanauita Daaba, wakati kila kitu kilisimama. Zeinab alikuwa huko ndani. Mama yake hakupata habari zake, hata neno moja.

Na pale mjini, katika nyumba zetu za serikali, nikaona watu wakibadilika.

Mke wa mkubwa mmoja wa ofisini alikuja kwangu na kitambaa chake cha kushona, akakaa, akashona kidogo, kisha akasema bila kuinua macho, "Mama Kendi, kwani wewe bado unanunua nyama kwa wale?"

"Wale kina nani?"

"Wewe unajua kina nani."

Siku mbili baadaye Baba Kendi akarudi kutoka kazini, akavua viatu, akakaa navyo mkononi.

"Nimeulizwa ofisini," akasema.

"Umeulizwa nini?"

"Nimeulizwa mke wangu anaenda kufanya nini kwa Jama kila asubuhi."

Hakuwa mtu mbaya, Baba Kendi. Hakunikataza. Alisema tu maneno hayo, akaweka viatu chini. Nilimwona ana hofu, na mimi nikaipokea hofu yake kama vile unavyopokea mzigo wa mtu mlangoni.

Nikaacha kwenda.

Sikumwambia Mama Zeinab sababu. Nilianza kupita njia ya upande mwingine. Siku ya kwanza alinisubiri mlangoni, nilimwona kwa mbali. Siku ya pili pia. Siku ya tatu hakuwepo. Tukikutana kwenye ua ananisalimia, namjibu haraka, naingia ndani kana kwamba kuna kitu kinaungua.

Wakuu, nimesema ukweli wote nitaweka. Huo ni mmoja.

(Samahani, nilikuwa nimeenda kutoa chai motoni. Naendelea.)

Ukiacha bucha la Mzee Jama, nyama ilikuwa taabu. Mifugo haikuingia mjini kama zamani. Mabucha mengine mawili yalikuwa yanafungua siku moja, yanafunga tatu. Lakini kulikuwa na mtu nyuma ya soko aliyekuja mchana na nyama imeshakatwa, ndani ya gunia, amelowesha kitambaa ameifunika. Haina muhuri wa afisa wa nyama. Wake za wafanyakazi walikuwa wananunua.

Nilienda saa tisa mchana.

Kendi alikuwa na mwaka mmoja na miezi, alikuwa amekonda, na nilitaka apate supu. Yule mtu akafunua kitambaa. Nyama ilikuwa nyeusi nyeusi. Mafuta yalikuwa mekundu. Kwenye mishipa damu ilikuwa bado imelala ndani, na mnyama aliyechinjwa vizuri hawezi kubaki na damu namna ile. Juu ilikuwa inang'aa kwa sababu ya maji.

Nilijua. Nimesimama hapo na mgongo wa mkono wangu unaniambia, hii inateleza. Hii ni nyamafu, mnyama alikufa mwenyewe, akakatwa baadaye.

Nikanunua.

Na kuni pia zilikuwa shida, hatukuruhusiwa kwenda kutafuta nje ya mji, kwa hivyo sikuichemsha muda wa kutosha. Baba Kendi alikuwa safarini na watu wa barabara. Tulikula sisi wawili, mimi na mtoto.

Kulipopambazuka nilikuwa nimelala sakafuni. Nimetapika mpaka hakuna kitu. Kendi naye alikuwa anatapika na kuhara, analia, analia, kisha karibu saa nne asubuhi akaacha kulia. Nikafikiri amepata nafuu. Kumbe sikuwa na akili ya kufikiri.

Mlango ukasukumwa. Mama Zeinab.

Baadaye aliniambia kwamba kulia kwa mtoto hakukumshtua, watoto wanalia. Kilichomshtua ni kunyamaza.

Akamwinua Kendi, akamfinya ngozi ya tumbo. Ngozi ikabaki imesimama. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani. Hakuniuliza kitu. Akamfunga mgongoni kwa shuka, akanivuta mkono nikasimama, tukatoka.

Kati yetu na hospitali kulikuwa na kizuizi. Wakati huo Msomali akipita pale anahojiwa, na kuna siku alikuwa hapiti kabisa. Yeye alijua hivyo kuliko mimi. Nilikuwa natembea nyuma yake nimeshika ncha ya shuka lake ili nisianguke.

Askari akanyoosha mkono. "Kipande."

Mama Zeinab akampa kitambulisho chake.

"Huyu mtoto ni wa nani?"

"Wa karani wa barabara. Mama yake huyu hapa."

"Na wewe unamfanyia nini?"

"Mimi ni jirani. Mtoto anakauka. Shika kipande changu, nikirudi uniulize yote unayotaka."

Askari akanitazama mimi. Nyuma yetu kulikuwa na watu wamepanga mstari, na kati yao nilimwona yule mama wa kitambaa cha kushona.

"Mama, wewe unamjua huyu mwanamke?"

Nikanyamaza.

Haikuwa muda mrefu. Labda ni muda wa kumeza mate mara mbili. Lakini mtoto wangu alikuwa mgongoni mwake, na nilinyamaza. Mama Zeinab hakugeuka kunitazama. Alikuwa anaangalia mbele, upande wa hospitali.

"Namjua," nikasema. "Ni jirani yangu. Ni kama dada yangu."

Tukapita. Kipande kikabaki.

Hospitalini walimhudumia Kendi vizuri sana, wakampa maji ya dawa kidogo kidogo kwa kijiko. Mama Zeinab akakaa na mimi kwenye benchi. Nilikuwa naogopa kumtazama. Baada ya muda akasema:

"Nyama ulinunua saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Na uliiona?"

"Niliiona."

"Basi," akasema. Akanipangusa uso kwa ncha ya shuka lake. Hakuzungumza tena juu yake, siku hiyo wala nyingine yoyote.

Mtoto alipoanza kunyonya, Mama Zeinab akaondoka. Nilijua baadaye kwamba aliwekwa pale kizuizini mpaka jioni, amekaa chini juani, mpaka Mzee Jama akaja na mzee mwingine wa mji wakamsemea.

Kendi alipona siku ya nne. Leo ni nyanya mwenyewe, yuko Nanyuki, ananipigia simu kila Jumapili na hapendi nyama.

Naona kuna mkuu ameuliza hapo chini kwa nini sikuomba msamaha palepale. Swali zuri. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilifikiri kuna wakati. Nilifikiri nitapata siku nzuri, nitapika kitu, nitaenda kwake na maneno yangu yamepangika.

Bucha la Mzee Jama likafungwa. Ng'ombe hawakuja, na Mzee Jama alikuwa anaitwa kuhojiwa kila wiki. Wakaamua kwenda upande wa Naivasha, walikuwa na jamaa huko. Kabla ya kwenda akachinja mbuzi wake wawili wa mwisho, na asubuhi moja nikaruka ua watu wakiona, nikaenda kumsaidia Mama Zeinab kutengeneza nyirinyiri ya safari.

Tulikata nyama kuanzia asubuhi mpaka saa saba. Ile kazi ukikata peke yako ni ndefu, mkiwa wawili inakuwa mazungumzo. Aliniambia habari za Zeinab alipokuwa mdogo, jinsi alivyokuwa hataki kusuka nywele. Alicheka, kisha akasema, "Sijui anakula nini huko." Nilikuwa na kisu mkononi. Nilitaka kusema maneno yangu hapo. Nikaona si wakati, ana huzuni ya mtoto wake, nisimwongezee yangu.

Akanijazia mkebe mmoja. Nikakataa, akaniwekea kwenye kapu.

Walisema lori litaondoka Ijumaa. Liliondoka Alhamisi, saa tatu asubuhi, pamoja na msafara. Watu waliokuwa wanapanda walikuwa wanaandikwa majina, na waliokuja kuwasindikiza nao wanaandikwa. Baba Kendi alikuwa amerudi. Aliniambia, "Usiende pale, tafadhali. Wanaandika." Kwa sauti ya chini, ya kuomba.

Nikasimama kwenye ua wa nyumba za serikali, Kendi mkononi. Nilimwona Mama Zeinab akipandishwa, nilimwona akikaa juu ya magunia. Sijui kama aliniona. Lori likawaka, likatoa vumbi, msafara ukaenda.

Ule mkebe tulikula kijiko kimoja kimoja. Baba Kendi alikuwa hagusi. Nilikuwa najipimia, kwa sababu nilijua ukiisha hakuna mtu mwingine Isiolo atakayenitengenezea kitu kwa mikono ile. Na hata ulipoisha niliosha mkebe mara nyingi ndiyo samli ikatoka, nami sikutaka itoke.

Vita viliisha. Mimi nikaenda chuo cha ualimu, nikaanza kufundisha. Kila mtu aliyekuja kutoka upande wa Naivasha nilimuuliza. Hakuna simu siku hizo, hakuna WhatsApp. Unauliza dereva, dereva anasahau.

Miaka mingi baadaye nikapelekwa kufundisha Garbatulla. Sikuomba, lakini nilikubali haraka kuliko wenzangu.

Siku moja ya kuandikisha watoto akaja mama mmoja na mjukuu. Nikauliza jina la mlezi, nikaanza kuandika. Akasema, "Zeinab Jama."

Kalamu ikasimama. Nikamtazama. Urefu ule ule. Nikamuuliza baba yake alifanya kazi gani Isiolo. Akasema bucha, karibu na msikiti.

Nilifunga daftari. Tulienda kukaa nje nyuma ya darasa, kwenye kivuli kidogo cha ukuta.

Mama yake alikuwa ameshakufa. Alikaa Naivasha, aliuza nyama huko pia, mumewe akatangulia, naye akafuata. Zeinab aliweza kumfikia kabla, wakakaa pamoja miezi miwili.

Nikauliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba miaka yote. "Aliwahi kunitaja? Mama Kendi. Mke wa karani."

Zeinab akafikiri kwa uaminifu kabisa. Hakutaka kunidanganya.

"Alitaja watu wengi wa Isiolo, mwalimu. Wewe sikusikia. Usihuzunike."

Nilihuzunika. Sitawaficha. Nilikuwa nimefanya lile jambo kuwa kubwa kati yetu wawili, na yeye pengine alikuwa amelifanya kwa watu kumi, hakuhesabu.

Kisha Zeinab akasema, "Lakini wewe ulimwona wakati ule. Mimi nilikuwa nimefungiwa huku, tulikuwa tunazika wanyama na watu. Sijui mama yangu aliishi vipi miaka ile. Niambie wewe."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, na nyama ya saa tisa, na ule muda nilionyamaza mbele ya askari, na vile nilivyobaki kwenye ua lori likiondoka. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema kwa mtu yeyote. Baba Kendi alikuwa hajui habari ya kunyamaza.

Zeinab alisikiliza kichwa kimeinama. Nilipomaliza nikangoja anikasirikie.

Akauliza, "Alifika hospitali na mtoto mgongoni?"

"Alifika."

"Alipita kizuizi?"

"Alipita. Aliacha kipande chake."

"Na huyo mtoto yuko hai?"

"Yuko hai. Ana watoto."

Akainua kichwa. Kisha akasema, "Rudia hapo alipofunga mtoto." Nikarudia. Akaniambia nirudie tena kizuizini, maneno yake hasa, alisema nini. Nikayasema kama alivyoyasema. Alikuwa anatabasamu na machozi yanateremka, na mjukuu wake anatuangalia hajui kuna nini.

Nilikaa Garbatulla miaka miwili. Kila Ijumaa Zeinab alikuja, na kila Ijumaa nilimpa kisa kingine cha mama yake ambacho alikuwa hana.

Sasa, nyama. Kijana aliyeuliza bado anangoja.

Supamaketi si mbaya, nami nanunua huko, miguu haifiki tena sokoni asubuhi. Lakini tarehe iliyobandikwa haijui kama stima zilipotea jana. Weka mgongo wa mkono kwenye kile kipakiti: kama hakina baridi kabisa, rudisha. Kikiwa kimevimba, rudisha. Ukiona damu na maji yamekusanyika chini, au barafu imeganda juu ya nyama ndani ya plastiki, hiyo iliyeyuka ikagandishwa tena. Kingo za kijivu, achana nazo. Ukiona kibandiko juu ya kibandiko, bandua kile cha juu uone, hakuna atakayekufunga. Ukifungua nyumbani ikateleza au ikanuka karibu na mfupa, usijidanganye na limau na tangawizi. Tupa.

Nunua nyama mwisho, ukishamaliza unga na sabuni, kisha nenda nyumbani moja kwa moja, usisimame kupiga stori. Usiiache mezani iyeyuke siku nzima kwenye joto letu hili. Na stima zikipotea usifungue friji kila mara kuangalia nyama, baridi inatoka.

Na uliza. Hata supamaketi kuna mtu anakata nyama nyuma ya kile kioo. Muulize imeingia lini. Mimi nauliza kila mara, na sasa yule kijana ananiambia mwenyewe kabla sijafungua mdomo, "Shosho, ya leo usichukue, ngoja ya kesho."

Nilichojifunza ni hiki, na hakihusu friji. Mimi nilijua kutambua nyama mbaya. Elimu nilikuwa nayo mkononi. Nilikula kwa sababu nilikuwa nimemwacha mtu aliyenielimisha, kwa kuogopa watu ambao siku ya shida hawakusukuma mlango wangu.

Kama kuna mtu unamngojea siku nzuri umwambie neno, lori linaweza kuondoka Alhamisi.

Nimemaliza wakuu. Nasoma zote, hata za matusi, macho bado yako sawa. Ila mnaotaka kuandika, naomba kila mmoja aanze kwa kunitajia jina la anayemuuzia nyama. Duka silitaki, nataka jina la mtu. Na kama hulijui, kesho asubuhi ukienda muulize, kisha urudi hapa uniandikie.